Kuziba ukingo wa sinki la jikoni: saruji nyeupe, akriliki, silikoni au polima mseto?

Ukitaka kujua kama ukingo wa sinki lako umeziba kweli, usiangalie juu. Fungua kabati la chini, ingiza mkono mpaka pembe ya nyuma, upapase ubao. Mimi nilipofanya hivyo katika nyumba tuliyopanga Tanga, vidole vilizama. Chipbodi ilikuwa imevimba na kulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Juu yake, kwenye ukingo wa sinki, kulikuwa na mstari msafi wa saruji nyeupe uliopakwa miezi michache tu kabla. Kwa macho ulikuwa mzima. Ufa wake ulikuwa mwembamba kama unywele, na unywele huo ulitosha kupitisha maji ya kuoshea vyombo mara tatu kwa siku.

Tangu hapo nimeziba masinki mengi, yangu na ya ndugu na majirani, na swali la dukani ni lile lile. Muuzaji anapanga tyubu nne mbele ya mteja, zote nyeupe, zote na picha ya bomba linalotiririka, na mteja anauliza ipi ni nzuri. Kila moja ina mahali inapofanya kazi vizuri sana, na kila moja ina mahali itakapokuangusha. Kabla ya kuuliza jina la tyubu, angalia sinki lako limetengenezwa kwa nini, limekaa juu ya nini, na nyuma yake kuna ukuta gani.

Mambo ya kupimia

La kwanza ni mwendo, na hili ndilo watu wengi hawalifikirii. Ukingo wa sinki ni mahali vitu viwili vya asili tofauti vinapokutana, na havitulii. Chukua sinki la stenlesi lenye urefu wa mita 1. Joto lake likipanda kwa nyuzi 60, kama pale unapomwaga sufuria ya maji yaliyochemshiwa mihogo, bati hilo linaweza kurefuka kwa karibu milimita 1, nusu huku na nusu kule. Bati la sinki ni jembamba, hupata moto papo hapo, wakati graniti au zege linalolizunguka bado limepoa. Ni kweli sinki halipati moto lote kwa usawa, kwa hiyo mwendo halisi huwa mdogo kuliko huo. Lakini hurudiwa kila siku, na juu yake kuna uzito wa masufuria na ndoo unaolisukuma sinki chini. Dawa yoyote utakayoweka hapo lazima ivutike na kurudi.

La pili ni maji na ukungu. Ukingo huu haulowani kama bafu, lakini haukauki pia. Nyuma ya bomba maji hukaa usiku kucha, na ukanda wa Pwani, ambako hewa yenyewe imebeba unyevu, ukungu mweusi unapata makao haraka. La tatu ni uso: kuna dawa zinazoshika chuma na kioo lakini zinakula mawe, na kuna zinazoshika saruji lakini zinateleza kwenye chuma. La nne ni siku ya kuitoa. Hakuna dawa ya kuziba inayodumu maisha, kwa hiyo fikiria leo utakavyoibandua kesho. La tano ni kazi na gharama, na mwishoni tuseme inamfaa nani. Nitapitisha kila moja kwenye njia hiyo hiyo.

Saruji nyeupe na grauti (unga wa kujazia nafasi kati ya vigae)

*Mwendo.* Haina kabisa. Ikishakauka ni jiwe, na jiwe likivutwa hupasuka. Zaidi ya hapo husinyaa kidogo inapokauka, kwa hiyo mara nyingine ufa wa kwanza hujitokeza hata kabla sinki halijatumika.

*Maji na ukungu.* Ina vinyweleo. Inanyonya maji, chai, mchuzi na manjano, na baada ya muda mstari mweupe unakuwa na rangi ya mboga za wiki nzima.

*Uso.* Inashika vizuri zege, tarazo na ubavu wa kigae. Chuma laini haikishiki, inakiegemea tu.

*Kuitoa.* Inatoka kwa patasi, vipande vipande, na ukiteleza unaacha mkwaruzo kwenye stenlesi. Lakini inatoka yote, bila mabaki ya kunata, na hiyo ni sifa ambayo tyubu hazina.

*Kazi na gharama.* Ndiyo rahisi kuliko zote. Inauzwa kwa kilo hata kwenye duka dogo la mtaani, na hakuna fundi asiyeijua. Hiyo ndiyo sababu iko kila mahali.

*Inamfaa nani.* Mwenye sinki la zege au tarazo lililojengwa pamoja na kaunta yake, yale ya nyumba za zamani. Hapo pande zote mbili ni kitu kimoja, zinapata joto na kupoa pamoja. Inafaa pia kujaza mwanya mpana sana, tuseme unaozidi sentimita 1, kama msingi, kisha juu yake ipite dawa inayovutika. Kuilaumu saruji nyeupe kwa kila sinki linalovuja ni kuionea. Kosa ni kuiweka kati ya chuma na jiwe ikae peke yake.

Akriliki

Hii ni ile nyeupe, laini kama maziwa ya mgando, inayosafishika kwa maji kabla haijakauka. Mafundi rangi wanaipenda, na wana haki.

*Mwendo.* Upo, lakini mdogo. Akriliki nyingi hustahimili kuvutika kwa takriban asilimia 7 hadi 12 ya upana wa mwanya. Kwenye mwanya wa milimita 4 hiyo ni nusu milimita au pungufu, yaani iko ukingoni kabisa mwa kile ambacho sinki la chuma linaweza kudai.

*Maji na ukungu.* Inakauka kwa kupoteza maji yake, kwa hiyo inasinyaa na mstari unabonyea. Ikishakauka inavumilia matone ya hapa na pale. Maji yanayotuama juu yake kila siku huilainisha.

*Uso.* Inashika plasta, mbao, vigae, hata saruji yenye vumbi kidogo. Chuma kinachong'aa na kioo haivishiki kwa muda mrefu.

*Kuitoa.* Rahisi. Kisu na kitambaa cha maji ya moto vinatosha.

*Kazi na gharama.* Bei yake kwa kawaida iko chini ya silikoni, haina harufu kali, na mkono usiozoea unaweza kurekebisha makosa bila presha. Na inapakwa rangi, jambo ambalo silikoni haikubali.

*Inamfaa nani.* Anayeziba sehemu ya juu, pale vigae vya nyuma ya sinki vinapoishia na ukuta wa rangi unapoanzia. Pale ni pakavu, na rangi inatakiwa ipite juu yake. Kwenye ukingo wenyewe wa sinki ningeitumia kama suluhisho la muda tu, na ningemwambia mwenye nyumba wazi kwamba ni la muda.

Silikoni ya asetiki

Utaitambua kwa pua. Inapokauka inatoa asidi ya siki, na jikoni kote kunanuka kachumbari kwa siku nzima. Dukani mara nyingi huitwa silikoni ya kioo.

*Mwendo.* Mzuri. Inavutika na kurudi kama mpira kwa miaka, na joto la sufuria haliisumbui.

*Maji na ukungu.* Maji hayaipiti. Ukungu unategemea aina. Iliyoandikwa kwamba ni ya bafu na jikoni huwa imetiwa dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya kutengenezea matangi ya samaki haina, kwa sababu dawa hiyo ingewadhuru samaki, na ukiipaka jikoni itaota madoa meusi mapema. Watu huinunua wakidhani iliyo salama kwa samaki ndiyo bora kwa kila kitu.

*Uso.* Hapa ndipo penye hatari. Kioo, vigae vyenye mng'ao, stenlesi na fomaika (ule ubao wenye uso mgumu wa plastiki) inavishika kwa nguvu kubwa. Lakini asidi yake ni adui wa chochote chenye chokaa. Ukitaka kuona sababu, dondoshea ndimu kwenye kipande cha marumaru, namaanisha lile jiwe lenyewe, si vigae tunavyoviita marumaru. Jiwe litatoa povu na kubaki na doa lisilong'aa. Hicho ndicho kinachotokea chini ya silikoni ya asetiki juu ya marumaru, tarazo, saruji na plasta ya chokaa: uso wenyewe unaliwa, na silikoni inabanduka ikiwa imebeba unga. Kwa walio kwenye nyumba za mawe za Lamu, Zanzibar au Mji wa Kale Mombasa, kumbukeni kwamba matumbawe na chokaa ya kuta hizo ni vitu vya jamii hiyo hiyo. Vilevile asidi hiyo inashambulia shaba na bati lenye zinki.

*Kuitoa.* Kazi ya wembe na subira. Mstari wenyewe unavutika ukatoka, lakini utando mwembamba unabaki, na juu ya utando huo hakuna kitakachoshika.

*Kazi na gharama.* Ndiyo silikoni ya bei nafuu, inapatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, na inaganda juu haraka, mara nyingi ndani ya dakika 10 hadi 20. Kwa mtu mzoefu hiyo ni faida. Kwa anayejifunza, dakika hizo ni chache.

*Inamfaa nani.* Mwenye sinki la stenlesi kwenye kaunta ya fomaika au ya vigae vyenye mng'ao, na ukuta wa vigae nyuma. Hapo inafanya kazi sawa na ndugu yake wa bei kubwa.

Silikoni ya nyutro

*Mwendo.* Zilizo bora hustahimili asilimia 25. Rudi kwenye mwanya wetu wa milimita 4: asilimia 25 yake ni milimita 1 nzima, mara mbili ya mahitaji ya kila upande wa sinki.

*Maji na ukungu.* Sawa na ya asetiki, kwa sharti lile lile la kuchagua ile ya jikoni na bafu.

*Uso.* Karibu kila kitu: chuma, vigae, zege, tarazo, plastiki nyingi. Haitoi asidi. Tahadhari moja kwa wenye graniti na marumaru: baadhi ya silikoni, hata za nyutro, hutoa mafuta kidogo kidogo yanayoingia kwenye jiwe na kuacha kivuli cheusi kando ya mstari. Kivuli hicho hakifutiki kwa sabuni. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya mawe ya asili, na uijaribu kwanza sehemu isiyoonekana, chini ya kaunta.

*Kuitoa.* Kama ya asetiki, wembe na subira.

*Kazi na gharama.* Ni ghali zaidi, na katika miji midogo unaweza kuzunguka maduka matatu kabla ya kuipata. Harufu yake ni ndogo lakini ipo, kwa hiyo madirisha yawe wazi. Kwa kawaida inachelewa kidogo kuganda kuliko ya asetiki, nafasi ambayo mkono mpya unaihitaji.

*Inamfaa nani.* Mwenye kaunta ya graniti, marumaru, tarazo au zege, na yeyote asiyejua kaunta yake ni ya nini.

Polima mseto

Dukani wanaiita MS polima. Ni mgeni kwa jikoni nyingi za kwetu, ingawa mafundi wa aluminiamu wameanza kuizoea.

*Mwendo.* Inavutika vizuri, na wakati huo huo inagandisha kama gundi. Silikoni inaziba, hii inaziba na kushikilia.

*Maji na ukungu.* Maji haiyaogopi. Ukungu ni suala la aina unayonunua.

*Uso.* Hapa inazishinda zote kwa upana: mbao, chuma, jiwe, plastiki, na nyingi kati ya hizi hushika hata uso wenye unyevunyevu. Inakubali rangi pia. Kwenye joto la kudumu iko chini ya silikoni, ila maji ya moto yanayopita na kuondoka hayaiharibu.

*Kuitoa.* Hapa ndipo inapolipiza. Imeshika hasa, na kuing'oa kwenye chipbodi kunaweza kuondoka na kipande cha ubao.

*Kazi na gharama.* Bei yake mara nyingi ni mara mbili ya silikoni ya kawaida au zaidi. Haina harufu kali. Ni nzito, inataka bunduki ya silikoni iliyo imara, si zile za waya mwembamba zinazopinda.

*Inamfaa nani.* Mwenye sinki jepesi linalochezacheza, kaunta ya mbao au chipbodi, au jikoni ambayo haikauki vizuri hata ukisubiri.

Neno moja kuhusu puti. Ipo puti ya mabomba, udongo laini uliochanganywa na mafuta, na kazi yake ni chini ya kile kichujio cha chuma kwenye tundu la sinki. Hapo ni nzuri, isipokuwa sinki lenyewe likiwa la jiwe, kwa sababu mafuta yake yataacha doa. Puti ya kubandikia vioo vya madirisha si mbadala wake, na kwenye ukingo wa sinki itakauka na kukatika.

Ukiwa dukani

Soma ubavu wa tyubu. Neno *neutral* ndiyo nyutro, na *acetoxy* au *acetic* ndiyo ya siki. Kama hakuna lolote kati ya hayo na muuzaji ana tyubu iliyofunguliwa, omba tone moja unuse. Siki haijifichi.

Kisha tafuta tarehe. Silikoni nyingi zina umri wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tangu kutengenezwa, na umri huo unahesabiwa kwa tyubu iliyokaa kwenye ubaridi, si ile iliyoanikwa dirishani Kariakoo. Silikoni iliyozeeka inatoka vizuri tu, inapakika vizuri tu, halafu haigandi milele. Niliwahi kumpakia shangazi yangu mstari ambao siku ya tano ulikuwa bado unanasa nzi. Sasa kabla ya kazi napaka tone kwenye kifuniko cha plastiki na kuliacha usiku. Likiwa bado linanata baada ya saa 24, tyubu inarudi dukani.

Tyubu moja ya mililita 300 inatoa karibu mita 10 za mstari wenye unene wa milimita 6. Sinki la mita 1 kwa nusu mita lina mzunguko wa mita 3. Kwa hiyo moja inakutosha wewe na jirani, na mkigawana bei ile tofauti kati ya ya asetiki na ya nyutro inakuwa ndogo sana.

Kupaka

Nimeona tyubu ya bei kubwa ikibanduka baada ya wiki mbili, na ya bei nafuu ikikaa miaka, na tofauti ilikuwa kazi iliyofanyika kabla ya kupaka. Kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Anza chini. Sinki la kuweka juu ya kaunta huja na klipu za kulibana. Mara kadhaa nimezikuta bado zimo kwenye mfuko wake wa nailoni, zimetupwa nyuma ya kabati. Zikaze kwanza. Sinki linaloruka kila ukiweka ndoo litaishinda dawa yoyote.

Ondoa ya zamani yote. Kata kwa wembe pande mbili, vuta, kisha kwangua utando uliobaki mpaka kidole kisikie chuma au jiwe tupu. Kama kuna ukungu mweusi, paka jiki, subiri, suuza kwa maji mengi. Tafadhali jiki isikutane na siki wala dawa ya asidi ya chooni, kwa sababu mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi watakuta ganda jeupe gumu kando ya bomba. Hilo nalo lazima litoke, maana silikoni itashika ganda na ganda litabanduka na silikoni. Malizia kwa kitambaa chenye spiriti ili mafuta ya kupikia yaondoke.

Sasa kausha. Si kufuta, kukausha. Funga maji jioni baada ya chakula, acha madirisha wazi, na upake asubuhi. Msimu wa masika nasubiri usiku mbili. Maji yaliyojificha ndani ya mwanya ndiyo yanayoharibu kazi nyingi kuliko kosa la kuchagua tyubu.

Bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi juu na chini ya mwanya, ukiacha nafasi ya milimita 5 au 6. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu liwe dogo kidogo kuliko mwanya. Kama mwanya ni wa kina, sokomeza kwanza uzi wa sponji, ili dawa ishike pande mbili tu na kubaki huru kwa chini. Ikishika pande tatu haiwezi kuvutika, inachanika. Na kama sinki ndiyo kwanza linawekwa, mstari wa kwanza uwe chini ya ukingo wake kabla ya kulilaza, isipokuwa kama limekuja na utepe wake wa mpira na maelekezo yanasema utepe huo unatosha.

Bonyeza bunduki kwa kasi moja, upande mzima bila kusimama. Lowesha kidole kwa maji yenye sabuni kidogo, pitisha mara moja, mara mbili ikibidi, kisha acha. Kila mara ya ziada inavuruga. Sabuni isifike mahali ambapo bado hujapaka. Toa tepu mara moja, kabla juu hakujaganda, ukiivuta kwa mshazari kuelekea mbali na mstari.

Silikoni inakomaa kwa kunyonya unyevu wa hewa, takriban milimita 2 hadi 3 kwa siku. Pwani hilo linakwenda vizuri. Kwenye nyumba kavu yenye kiyoyozi linachelewa. Saa 24 bila tone la maji ni kima cha chini, na mstari mnene upewe siku mbili. Siku hiyo vyombo vioshwe kwenye karai nje. Ukibaki na dawa, iache igande ndani ya mdomo wa tyubu. Siku nyingine utaivuta hiyo ncha kama kizibo.

Kulingana na hali yako

Sinki la stenlesi kwenye fomaika au vigae vyenye mng'ao, na bajeti ni ndogo: silikoni ya asetiki yenye dawa ya ukungu. Hakuna haja ya kulipia zaidi.

Kaunta ya graniti au marumaru: nyutro ya mawe ya asili, baada ya jaribio chini ya kaunta. Kama sinki limening'inizwa chini ya graniti, mstari wa silikoni unazuia maji, lakini uzito ubebwe na klipu au vishikizo vya chuma. Wengi huambiwa silikoni itabeba, lakini sinki lililojaa maji na masufuria halibebwi hivyo.

Tarazo au zege lenye sinki la chuma ndani yake: nyutro. Tarazo lenye sinki la tarazo: saruji nyeupe inatosha, na ukitaka ikae safi ipake dawa ya kuzuia vinyweleo.

Ukuta wa chokaa wa nyumba ya kale, nyuma ya sinki: nyutro au polima mseto, baada ya kung'oa plasta inayomung'unyuka. Ya asetiki isiguse hapo.

Kaunta ya chipbodi iliyokwisha kuvimba: kwanza kata au kausha na kuziba ubavu wa ubao kwa vanishi, kisha polima mseto. Kupaka chochote juu ya ubao uliolowa ni kufungia maji ndani.

Umepanga, na mwenye nyumba hataki kutoa senti: piga picha ya kabati kabla na baada, nunua silikoni inayolingana na kaunta, mtumie risiti. Mistari mitatu ya mita moja inachukua asubuhi moja.

Una mtu mwenye pumu nyumbani: akriliki na polima mseto hazina harufu kali. Akriliki itahitaji kurudiwa mapema zaidi, na polima itahitaji fedha zaidi. Kama ni lazima iwe ya siki, siku hiyo alale kwa jamaa.

Na kama hujui kaunta yako ni ya nini, dondoshea ndimu mahali pa kificho, pembeni kabisa nyuma ya jiko, usubiri dakika moja. Ikitoa povu, iache ya siki dukani.